Firigisi za Mzee Pierre-Claver: Risala ya Waokota Bata wa Queensburgh kwa Mwenyekiti wa Klabu

Mgeni rasmi, Bwana Aloys Hartung, mwenyekiti wa klabu ya wawinda bata. Mchungaji uliyetuazima ukumbi huu. Wanachama wa klabu mliofuatana na mgeni. Kina mama, kina baba, na nyinyi watoto mlioahidiwa soda mkikaa kimya: tunawasalimu nyote kwa heshima.

Anayesoma ni Huguette, katibu, lakini maneno ni ya Umoja wa Waokota Bata mzima. Tuliyajadili Jumapili tatu, tukagombana, tukapatana. Aya ambazo zitakuuma, mgeni rasmi, ndizo zilizotuchukua muda mrefu zaidi.

UKARIBISHO

Karibu Queensburgh. Kutoka kwako Morningside hadi hapa, ndani ya Durban hiihii, si safari, lakini katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja hii ndiyo mara ya kwanza umekuja upande wetu, na tumefurahi kwelikweli. Tunaisema furaha hiyo mapema kwa sababu huko mbele risala hii ni nzito, na hatutaki udhani kwamba tumekuita ili tukusimange.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa kuwa wewe mwenyewe uliomba. Ulisema kwamba kwenye mikutano ya Kiingereza tunainamisha vichwa na kuitikia tu, na kwamba wewe ni mzaliwa wa Oldeani, uliyelelewa na yaya wa Kimbulu, na mambo ya moyoni unayasikia vizuri zaidi kwa lugha hii. Tumekutii. Kiswahili chetu cha Uvira na Bujumbura kimenyooshwa na ndugu yetu Gosbert, mtu wa Bukoba, ambaye alikataa katakata tuandike "iko" kila mahali. Palipobaki kombo ni petu.

Kuna jambo moja la chakula. Kwa desturi ya kwetu, Wakongomani na Warundi, mgeni wa heshima hutengewa firigisi. Paja anaweza kula yeyote, shingo wanapewa watoto, lakini firigisi ni ya mkubwa, na mama wa nyumba akiisahau ugomvi wake huchukua wiki. Leo sahani yako itakuwa na kidari cha kuku wa dukani. Hatujakudharau, na sababu utaisikia. Ndiyo maana tumeomba kusoma kabla ya kula, ingawa kawaida watu husoma wakishashiba.

TULIKOTOKA

Umoja huu ulianza mwaka 1996. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kuokotwa barabarani. Katikati ya wiki kila mmoja alikuwa na lake: huyu anasuka nywele saluni mjini, yule anauza kwenye duka la simu, wengine wanalinda magari ya watu waliokwenda kula hotelini. Msimu wa bata ukifika, Jumamosi alfajiri tulikuwa tunasimama karibu na robot, yaani taa za barabarani, hapo chini kwenye kituo cha petroli, na gari la klabu linapita kuchukua wanaotosha. Wakongomani tulikuwa tunasukumana na Warundi kupanda. Siku moja watu walitoana damu mdomoni kwa ajili ya nafasi ya kwenda kuingia kwenye maji ya baridi.

Siku hiyo ndipo tulipomjua Mzee Pierre-Claver Ntakirutimana. Alikuwa katekista kule Rumonge kabla vita havijamleta huku na mkewe Joséphine. Hakupiga kelele. Alishuka garini, akamwambia dereva kwamba yeye habanduki pale mpaka watu wapande wakiwa wamechanganyika, Mukongomani mmoja, Murundi mmoja, mpaka gari lijae. Dereva alichelewa, akatukana, mwishowe akakubali. Tangu siku hiyo tunapanda hivyo, na ndiyo mwanzo wa Umoja.

Kazi yetu unaijua, lakini humu ukumbini kuna wasioijua. Klabu inakodi bwawa katika shamba moja huko bara, nyuma ya Pinetown. Wanachama hukaa kwenye vibanda vya matete kandokando. Sisi tunawasukuma ndege kutoka upande wa pili, wakipigwa tunaingia majini kuwaokota, kisha tunawanyonyoa na kuwasafisha. Klabu ina mbwa pia. Mbwa wakianza kutetemeka hurudishwa garini na kufunikwa blanketi. Sisi tukianza kutetemeka tunaambiwa tuchangamke. Tunalisema hili kwa utani, kwa sababu wewe mwenyewe ulicheka kijana wetu Serge alipolisema mbele yako, na wiki iliyofuata ukatuletea buti za mpira.

YALIYOFANIKIWA

Mgeni rasmi, mazuri tusiyafiche. Buti ni moja. Pili, hakuna mtu wetu aliyezama. Tatu, klabu inatuachia bata waliochanika, wale ambao hawafai kupelekwa nyumbani kwa wageni, na kwa miezi ya msimu watoto wetu wanakula nyama. Mzee Pierre-Claver ndiye aliyekuwa akiwagawa. Aliwapanga juu ya turubai, akaanza na mama wenye watoto wengi, akamalizia na vijana wasio na wake, na yeye mwenyewe hakujitaja kamwe. Mara nyingi alirudi nyumbani mikono mitupu akiwa anapiga mluzi.

Fanikio kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu ya wakati ule, lilikuja mwishoni mwa mwaka 1997, pale kamati yako ilipopitisha sheria ya marisau. Kwa ajili ya wageni wetu tuifafanue. Bunduki ya bata haitoi risasi moja, inatoa kundi la chembe ndogo ziitwazo marisau. Marisau hayo hukaa ndani ya ganda pamoja na baruti, na ganda zima lililojaa sisi tunaliita kartushi. Tangu enzi za babu zenu marisau yametengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni mazito, laini, na yana sumu. Yakimkosa ndege, na mengi humkosa, huzama kwenye tope. Bata hula changarawe ili firigisi yake isage chakula. Chini ya tope hawezi kupambanua changarawe na marisau, anameza yote.

Tulikuwa tunawaona bata hao kabla hatujajua wana nini. Unawakuta kwenye matete, hai, hawana jeraha hata moja, lakini mabawa yameanguka ubavuni na hawawezi kuruka. Unamshika kwa mkono tu. Vijana walidhani ni bahati.

Sheria yenu ilisema kwamba kuanzia msimu wa 1998 hakuna marisau ya madini ya risasi kwenye bwawa letu. Kila mwanachama atumie marisau yasiyo na sumu. Mliposoma uamuzi huo sisi tulikuwa tunapanga viti, na tulipiga makofi. Wanachama waligeuka kututazama, lakini wewe ulitabasamu.

MAGUMU

Hapa ndipo tunapokuomba uvumilivu.

Marisau ya kwanza yasiyo na sumu yaliyokuja yalikuwa ya chuma. Kwenye bunduki mpya hayakuleta neno. Lakini mwanachama mmoja, yule daktari wa meno, aliyajaribu kabla ya msimu kwenye bunduki ya babu yake, na mtutu ukavimba karibu na mdomo. Tulikuwa nyuma yake, tuliona alivyoupapasa kwa kidole. Chuma ni kigumu, mitutu ya zamani ni myembamba na midomo yake imebana. Si bunduki ya kulishwa chuma. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli na hatuibezi.

Kamati ikakutana tena. Ukapendekeza, wewe mwenyewe, mgeni rasmi, kwamba bunduki za zamani zisamehewe na ziendelee na kartushi za kawaida. Tunajua kwa nini. Ulitusimulia siku ile ya mvua, tukiwa tumejibanza kibandani, kwamba bunduki yako ni ya marehemu baba yako, na kwamba familia yenu ilipoondoka Tanganyika aliivusha mpakani ikiwa imefichwa kwenye gunia la unga. Hakubakiwa na shamba wala nyumba, alibakiwa na hiyo. Wengi wetu humu hatuna hata kijiko kilichoshikwa na baba zetu. Hakuna anayekuelewa kwa jambo hilo kuliko sisi.

Lakini angalia kilichofuata. Msamaha ulipopita, bunduki za zamani zilianza kuzaliana. Watu ambao mwaka uliotangulia walikuja na bunduki zinazonukia duka, siku ya ufunguzi walikuja na za babu, za mjomba, za jirani mjane. Serge alihesabu vibanda, akarudi akasema, "Eish, leo hapa iko bunduki za kizee tupu. Ile sheria tulipigia makofi iko wapi?" Tulicheka. Bwawa zima lilipiga madini ya risasi msimu ule kama misimu yote, ila sasa lilipiga kwa ruhusa.

Na dawa ilikuwepo. Kamati ilimwita Bwana Perumal, fundi wa bunduki wa Chatsworth, mtu anayeheshimiwa na wanachama wote, aje aeleze. Alieleza vizuri. Alisema kuna marisau ya bismuti, mazito karibu sawa na madini ya risasi, laini, hayakwaruzi mtutu wa zamani wala hayauvimbishi mdomo, na hayana sumu ile. Alionya jambo moja tu: bunduki za zamani nyingi zina chumba cha kartushi kifupi, kwa hiyo kartushi ziwe za ganda fupi, na kila bunduki ipimwe kwanza kwa fundi. Mkauliza zinapatikana wapi. Akasema zinaagizwa ng'ambo, zinakawia, na bei yake si ya kawaida. Likaagizwa sanduku moja la kujaribia. Likafika. Liko kwenye kabati la klabu mpaka leo na halijafunguliwa. Sisi ndio tunaolifuta vumbi.

Sasa tumfikie Mzee Pierre-Claver, maana ndiye sababu ya mkutano huu.

Tulisema kwamba hakujigawia bata. Watu wakaona haya. Hatuwezi kula kila wiki kwa mkono wa mzee ambaye yeye hali. Tulipomlazimisha achukue, alikataa. Basi kina mama wakapata njia ambayo hawezi kuikataa. Wakasema, bata chukueni, ila firigisi zote za siku hiyo ni za mzee. Firigisi haikataliwi na mtu mwenye adabu. Ukiikataa, umemkataa aliyekupa. Alicheka, akatikisa kichwa, akapokea.

Tangu hapo, kila siku ya kuwinda, wanachama wakiwa wanakunywa chai, dada yetu Estella, mpishi wetu, alizichoma kwenye makaa kandokando ya bwawa. Mgeni rasmi, nyumbani firigisi hupasuliwa kwa utulivu, ikaoshwa, ngozi ya ndani ikamenywa. Kule bwawani Estella alikuwa na bata wa wanachama wa kunyonyoa, na wanachama wana haraka. Alizipasua mbio, akazisuuza kwa maji ya bwawa hilohilo, akazitia chumvi. Mawe makubwa yalitoka. Chembe zilizokuwa zimejikita kwenye nyama, zile alizozimeza bata na zile zilizomuua, zilibaki.

Nyumbani kwenu, tulipoitwa kuhudumu kwenye karamu, tumeona kwamba kila sahani ya bata huwekewa kisahani kidogo pembeni cha kutemea marisau. Wageni hutema, hucheka, hulinganisha nani kapata mengi. Kwetu mzee aliyeheshimiwa kwa firigisi, akila mbele ya waliompa, hatemi. Estella alimwona mara moja ameng'ata kitu kigumu, akafumba macho, akameza. Akamuuliza kwa nini hakitemi. Akamjibu, "Nikitema, ule alinipa ataona haya." Basi akala hivyo msimu wa 1996, na wa 1997, na wa 1998, na sisi tumesimama mbele yake tunafurahi.

Ugonjwa ulianza na tumbo. Akawa anajikunja barabarani kama mtu aliyepigwa. Kisha akaanza kusahau. Alimwita Joséphine kwa jina la dada yake aliyefia Rumonge. Akaacha kuongoza sala kwa sababu maneno yalimpotea katikati ya Baba Yetu. Mwezi wa kumi mwaka jana mikono ikaanguka. Hatusemi ililegea, tunasema ilianguka: akiinyoosha mbele, viganja vinaning'inia na hawezi kuviinua. Hashiki kikombe. Hafungi kifungo cha shati.

Mgeni rasmi, wewe umekulia kwetu, unajua mtu akiumwa hivyo watu wanasema nini. Walisema amepewa sumu. Wa Bukavu wakataja karuho, ile sumu ya kuua polepole, Warundi wakataja mambo yao, na kila mtu akajiuliza chakula cha mzee kinapikwa na nani. Kinapikwa na Estella. Hakuna aliyemshtaki waziwazi. Watu waliacha tu kupokea chai kutoka mkononi mwake. Kwenye sherehe ya ubatizo sufuria lake lilirudi nyumbani limejaa. Dada huyu alivumilia mpaka Krismasi, kisha akaacha kuja kanisani.

Mwezi wa pili mwaka huu Joséphine alimpeleka mzee hospitali, akapigwa picha ya tumbo. Huguette alikuwepo kutafsiri. Daktari kijana aliitundika picha kwenye taa, akaiangalia kwa muda, kisha akauliza mzee huyu alipigwa bunduki lini. Tukasema hajapigwa bunduki. Akasema, mmetoka kwenye vita, labda hamkumbuki vizuri. Tukamwambia tunakumbuka vizuri sana waliopigwa na ambao hawakupigwa. Akatuonyesha. Upande wa kulia, chini, tumboni, kulikuwa na rundo la chembe nyeupe, duara, zimekaa pamoja. Joséphine alizitambua kabla ya daktari. Yeye ndiye amekuwa akizitoa kwenye mifuko ya nguo za kazi za mumewe kila akifua.

Damu ilipopimwa, ilikuwa imejaa madini ya risasi. Daktari alisema ameanza kumpa dawa ya kuyatoa, lakini yaliyokwisha kuharibika kwenye mishipa ya mikono na kichwani hawezi kuahidi kuyarudisha. Tulitoka nje tukakaa kwenye ukuta wa maegesho ya magari. Kweli alikuwa amepewa sumu. Tulimpa sisi, wote, kwa mikono miwili na kwa kupiga goti. Hatujui tumlilie nani, na hilo ndilo linalotukosesha usingizi.

Estella tulimwendea kundi zima, tukapiga magoti mlangoni kwake. Alitufungulia. Chakula cha leo amepika yeye, na sote tutakula mpaka tukombe sufuria.

Tulikuja kwako pia, mwezi wa tatu, watatu kati yetu, ukatupokea barazani. Ulisikitika; tuliliona hilo usoni na hatusemi lilikuwa la bandia. Ulimpelekea mzee matunda. Lakini ulisema kwamba pengine alikuja huku na ugonjwa wake tayari, kwamba hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja, kwamba dawa ni kuacha kula firigisi, na kwamba suala la bunduki za zamani litazungumzwa msimu ukipita. Msimu unafunguliwa Jumamosi ijayo.

Tumeacha firigisi, Bwana Aloys. Lakini sisi hatuli firigisi tu. Supu wanayokunywa watoto wetu ni ya bata haohao, na maji tunayosimama mpaka kiunoni ni yale yale. Na bata wenyewe, ambao mnasema mnawapenda, na tunaamini mnawapenda, wanakufa kwenye matete bila kupigwa na mtu.

MAOMBI

Tunaomba msamaha wa bunduki za zamani ufutwe kabla ya Jumamosi. Hatuombi bunduki ya baba yako itundikwe ukutani. Mwenye bunduki mpya apige chuma. Mwenye bunduki ya zamani ampelekee Bwana Perumal, aipime chumba na mtutu, na kama inafaa apige bismuti ya ganda fupi. Kama bismuti ni haba, apige mara chache na alenge vizuri. Na kama haijafika, asubiri kwenye kibanda na anywe chai, sisi tutamchemshia.

Tunaomba lile sanduku la kabatini ulifungue wewe. Ukianza wewe, na bunduki ile, hakuna mwanachama atakayethubutu kusema ya kwake ni ya heshima zaidi. Hilo ni ombi letu kubwa, na ndiyo maana tumekuita wewe na si kamati nzima.

Tunaomba pia gari la klabu limpeleke mzee kliniki siku anazotakiwa kwenda. Kwenye taxi, daladala za huku, hawezi kujishika, na makonda wanamdhania mlevi.

Na sasa tunasema lile ambalo tuligombania. Jumamosi tutakuja kama kawaida. Tutapanda gari tukiwa tumechanganyika, tutawasukuma ndege kutoka upande wa pili kama tulivyozoea. Lakini tutauliza kila kibanda kinapiga nini. Bata aliyepigwa kwa madini ya risasi hatutamwokota. Atabaki palepale alipoangukia. Tunajua kwamba kuna watu wengine wanaosimama kwenye robot, na kwamba gari linaweza kupita na kuwachukua hao. Tunajua karatasi zetu za ukimbizi zinavyotazamwa mtu akiwa hana kazi. Tumeyafikiria yote hayo pamoja na wake zetu na waume zetu, na bado tumekubaliana.

Mtu mmoja tu alipinga. Tulipomsomea Mzee Pierre-Claver risala hii kitandani kwake, alitusimamisha hapa. Alisema, "Musimupatishe mugeni haya. Ni miye nilikula. Hakuna mutu alinilazimisha." Tukamwambia, mzee, tumeshaamua. Aligeukia ukutani, tukadhani amesahau tunazungumza nini, maana siku hizi inatokea. Kisha akasema kwamba kama ni lazima isomwe, basi salamu zake ziwekwe mwisho kabisa, na zisibadilishwe hata neno. Tumezileta kama alivyozisema: "Kama mugeni atakubali, mumwambie asante. Kama atakataa, mumwambie asante vilevile."

Hiyo ndiyo asante yake, mgeni rasmi, na tumeitoa. Ya kwetu tumeibakiza mpaka Jumamosi.

Mungu akubariki wewe na nyumba yako, akupe uzee mrefu wenye akili timamu, na akulindie mikono yako yote miwili, uweze kufunga vifungo vya shati lako mwenyewe mpaka siku yako ya mwisho.

Ni sisi, Umoja wa Waokota Bata, Queensburgh, Durban, Aprili 1999.